Basi Zuri, Jirani Mgumu: Tathmini ya Safari ya Dar es Salaam hadi Mbeya kwa Daraja la Kati

Kampuni ninayoitathmini hapa hupakia abiria alfajiri katika Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, kwenda Mbeya, na muda huo huo basi lake jingine hutoka Mbeya kuja Dar es Salaam. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa sehemu kubwa ya karaha nitakazozieleza zilisababishwa na abiria wenzangu, na yeyote anayeitumia njia hiyo atazikuta katika basi lolote atakalopanda. Ninachotaka kukipima ni jambo ambalo tathmini nyingi za mabasi huliruka: kampuni inapowafungia watu wapatao hamsini wasiojuana ndani ya chumba kimoja kuanzia alfajiri hadi usiku, inafanya nini pale wanapoanza kuudhiana? Nilikwenda na kurudi na kampuni hiyo hiyo, kwa gari la aina ile ile na kwa nauli ile ile, nikapata majibu mawili yasiyofanana hata kidogo.

Gari lenyewe halina la kulaumiwa sana. Ni basi la Kichina lenye siti mbili kila upande wa korido, kiyoyozi kinachofanya kazi, tundu la kuchajia simu kwenye kila safu na nafasi ya magoti inayomtosha hata mtu mrefu. Tiketi hukatwa kwa mfumo wa kielektroniki, nayo huonyesha jina la abiria, namba ya siti na uzito wa mzigo usiolipiwa, ambao ni kilo 20. Kwa viwango vya nauli vilivyotangazwa na LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, na kuanza kutumika Desemba 2023, abiria wa daraja la kawaida alitakiwa kulipa shilingi 48.47 kwa kilometa katika barabara ya lami, na wa daraja la kati shilingi 67.84. Kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya ni kilometa zipatazo 830, kwa hiyo kwa viwango hivyo aliyechagua daraja la kati aliongeza takribani shilingi 16,000 juu ya nauli ya mwenzake. Ukichunguza anachokipata kwa nyongeza hiyo utaona ubaridi, nafasi ya miguu, na jirani mmoja pungufu, maana katika basi la kawaida lenye siti tatu upande mmoja yuko mtu wa katikati ambaye hubanwa kushoto na kulia tangu Mbezi mpaka mwisho wa safari. Sehemu kubwa ya fedha hiyo, kwa hiyo, hutolewa ili mtu apumzike kubanana na wenzake, na ni haki kuipima kampuni kwa namna inavyolitimiza hilo.

Kuhusu uendeshaji sina malalamiko. Tuliondoka kwa wakati tukiwa na madereva wawili, na aliyekuwa usukani hakuuvuka mwendo wa kilometa 80 kwa saa uliowekwa kisheria kwa mabasi ya abiria, jambo ambalo siku hizi LATRA hulifuatilia kwa mfumo wa kielektroniki unaoonyesha mwendo wa kila basi na mahali lilipo. Waliolalamika walikuwa abiria. Kila tulipopitwa na gari dogo, sauti ilisikika kutoka siti za nyuma ikisema, “Dereva, kanyaga, tutafika kesho!” na wapo waliocheka kumuunga mkono. Nikiambiwa niwapange watu wagumu kuvumilika kwa ngazi, huyo nitampa ya kwanza bila kusita, kwa sababu wengine wote huniharibia usingizi tu, naye yuko tayari kuniharibia maisha ili awahi kufika kwake. Kwa bahati nzuri dereva alikuwa kiziwi kwa maneno ya namna hiyo.

Karaha zenyewe zilianza hata kabla ya mizani ya Vigwaza. Abiria wa siti iliyo mbele yangu, mwanamume wa makamo aliyevaa kaunda suti nadhifu, alitoa simu, akaiegemeza kwenye chupa ya maji aliyoiweka mapajani, akaanza kutazama video fupi fupi bila hedifoni. Hakuna hata moja iliyokwisha. Mhubiri alikatwa katikati ya aya, mchekeshaji akakatwa kabla ya kufikia kichekesho chenyewe, mtangazaji wa mpira akakatwa mpira ukiwa bado hewani, kisha kidole kikarudi kwa mhubiri yule yule, ambaye alianza upya tangu salamu. Upande wa pili wa korido mama mmoja alikuwa akizungumza na nduguye kwa spika kuhusu kiwanja cha Chanika, na kabla ya Chalinze sote tulikwisha kujua bei yake, ukubwa wake, na sababu za kutomwamini dalali.

Hata hivyo nikiri kwamba mama wa Chanika hakunisumbua nilivyotarajia. Aliyenisumbua alikuwa kijana aliyekaa nyuma yangu, ambaye simu yake ilikuwa sikioni kistaarabu na sauti yake haikuwa kubwa, ila kwa muda mrefu nilisikia tu, “Eeh… hapana… nani kasema?… si nilikwambia?… eeh.” Jambo hili limewahi kuchunguzwa. Mwaka 2010 Lauren Emberson na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha utafiti ambao ndani yake watu walipewa kazi za kuhitaji umakini huku wakisikilizishwa mazungumzo ya pande zote mbili, masimulizi ya mtu mmoja, na mazungumzo ya simu ya upande mmoja tu. Umakini wao ulishuka kwa hayo ya mwisho, kwa maelezo kwamba akili haiwezi kukisia neno litakalofuata na hivyo hujikuta ikingoja kila mara. Mama aliyetufungulia spika alikuwa, kwa kipimo hicho, ametutendea hisani bila kujua. Bado naamini wote wawili wangeweza kungoja hadi mahali pa kula.

Tulipoipita Chalinze nilimwomba mhudumu, kijana mpole aliyekuwa akigawa maji na biskuti, amwambie jirani yangu wa mbele apunguze sauti. Aliniangalia kwa huruma ya kweli, akasema, “Kaka, yule naye ni mteja. Zungumzeni tu wenyewe, mtaelewana.” Kisha akaenda kukaa kwenye kiti chake kidogo karibu na mlango, akawasha televisheni. Filamu iliyofuata ilikuwa ya mapigano, imetafsiriwa kwa Kiswahili na dijei anayepiga kelele kuwashinda wanaopigana, na spika za basi zilikuwa zimefunguliwa kwa kiwango cha ukumbi wa harusi. Waliokuwa wakiongea na simu wakapaza sauti ili wasikike, na bwana wa kaunda suti akaongeza ya kwake ili asimpoteze mhubiri.

Hapo ndipo ninapoona kosa kubwa la huduma, nalo linastahili maelezo. Kauli ya “zungumzeni wenyewe” inadhani kwamba abiria wana uwezo sawa wa kusemezana, ilhali katika mazingira yetu hilo halipo. Kijana hawezi kumwambia mtu wa umri wa baba yake azime simu mbele za watu bila kuonekana amekosa malezi, na mtu mzima akiambiwa na mwenziwe huona amedhalilishwa, akajibu kwa kulinda heshima yake badala ya kujibu hoja. Kwa hiyo watu hawasemi, hupiga vijembe. Mama aliyekaa safu moja nami alitangaza kwa sauti, bila kumwelekea yeyote, “Jamani, wengine tumetoka msibani, tangu juzi hatujalala.” Bwana wa kaunda suti aligeuka, akamtazama kwa upole, akamjibu, “Pole sana mama, na safari yenyewe ndefu,” kisha akarudi kwenye video zake. Kijembe kilikuwa kimepaa juu ya kichwa chake na kuwatua wengine wote. Mwenye sare ya kampuni angeweza kulimaliza suala hilo kwa sentensi moja, kwa sababu akisema kwamba huo ni utaratibu wa basi, anayeambiwa hana wa kugombana naye na hakuna aliyemshinda.

Siti nazo hulala sana, na katika hilo kampuni imetengeneza ugomvi kwa mikono yake. Baada ya Morogoro kijana mmoja aliilaza yake mpaka mwisho, ikamfikia kifuani bibi aliyekuwa nyuma yake akiwa amepakata mfuko wa chakula. Bibi akaisukuma kwa magoti. Kijana akairudisha kwa mgongo. Wakaendelea hivyo, goti kwa mgongo, kwa muda mrefu bila yeyote kufungua kinywa na bila kutazamana, hadi bibi alipoona ametosheka. “Mjukuu wangu,” akasema, “kama umeamua kulala kifuani kwangu niambie mapema, nikuimbie.” Basi zima upande ule likacheka, siti ikasimama wima, na kijana akakaa nayo hivyo kwa adabu mpaka tulipoingia Mikumi, ambapo ilianza kuteremka tena polepole, kidogo kidogo, kwa matumaini kwamba bibi atakuwa amesinzia. Mhudumu aliyaona yote hayo kutoka kwenye kiti chake na alicheka pamoja nasi.

Kuhusu harufu nitasema machache. Chakula cha mtu sikilaumu, hata kikiwa mayai ya kuchemsha au samaki wa kukaanga, maana safari inaanza kabla ya watu kupata chai, na asiyekuwa na fedha za hoteli za njiani ana haki ya kula alichofungiwa nyumbani. Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni vinavyonunuliwa kupitia dirishani na kusukumwa chini ya siti vinavumilika kwa sababu hiyo hiyo, kwamba ni shughuli ya mtu na bei yake pale ni nzuri. Kuvua viatu na kuipandisha miguu kwenye kiegemeo cha aliye mbele ni jambo jingine kabisa, na sikuona sababu ya kulivumilia zaidi ya kwamba hakuna aliyekuwa na kazi ya kulikataza.

Madirisha ya basi hili hufunguka kipande cha juu tu, na hapo pana vita vya kudumu kati ya wanaotaka kiyoyozi na wanaosema kiyoyozi kinawaletea mafua. Kila kipande kinapofunguliwa baridi yote hutoka nje, na mwenye kipande hicho hujiona ametumia mali yake. Kipande hicho hicho ndicho kilichotumika kutupia maganda ya ndizi na chupa za maji tulipokuwa ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu hupita kwa kilometa zipatazo 50 katikati ya wanyama. Abiria walisimama kwa furaha kuonyeshana twiga na nyani, wakapiga picha, kisha baadhi yao wakawatupia nyani mabaki ya chakula kana kwamba wamealikwa. Nilitafuta ndoo ya taka nikaikuta moja mlangoni, imejaa tangu Morogoro. Anayetupa taka dirishani simtetei, lakini kampuni inayogawa maji na biskuti kwa watu hamsini na kuweka ndoo moja imekwisha kuamua ni wapi chupa zile zitaishia.

Basi lina choo, au niseme lina mlango wa choo. Ulikuwa umefungwa kwa komeo, na kupitia upenyo wake niliona maboksi ya vifurushi yaliyopangwa hadi juu. Matokeo yake ni kwamba tulisimama mara kadhaa porini kuchimba dawa, wanaume upande huu na wanawake upande ule, jambo ambalo si la heshima kwa mama mtu mzima aliyelipia daraja la kati, wala si la usafi kwa wanaoishi kando ya barabara. Kusimama kwenyewe huzalisha aina yake ya mtu mgumu, yule ambaye watu wanaposhuka yeye amelala fofofo, na basi likishatembea dakika kumi anaamka na kudai kwamba dereva hana utu.

Mahali pa kula tuliambiwa ni dakika 20. Dakika hizo zilipokwisha honi ikapigwa, watu wakarudi, na ikaonekana siti moja iko wazi. Mwenyewe tulimwona kupitia dirishani akiwa amesimama kaunta, ndiyo kwanza anaagiza chipsi kuku, akielekeza kwa kidole aina ya paja analolitaka. Honi ya pili ilipopigwa aligeuka, akainua mkono kutuhakikishia kwamba ametusikia, kisha akaomba aongezewe pilipili. Alipopanda hatimaye, mfuko mkononi na kijiti cha meno mdomoni, hakusema lolote, na mhudumu naye hakumwambia lolote. Utaratibu wa kuhakiki abiria ulikuwa ni kupita koridoni akiuliza, “Jirani yako yupo? Jirani yako yupo?” na ninakiri kwamba kuna majirani ambao nilijaribiwa kuwaitikia kwamba wapo wakati hawapo. Mlima wa Kitonga tuliupanda nyuma ya msururu wa malori, wenye vichefuchefu wakapata taabu yao, giza likaingia baada ya Mafinga, na tukafika Mbeya usiku huku filamu ya mwisho ikiendelea kuunguruma kwa watu waliolala.

Safari ya kurudi ilikuwa na mhudumu wa kike, wa makamo, mwenye sauti ya mwalimu wa zamu. Kabla hatujafika Uyole alishika kipaza sauti, na maneno yake nayanukuu kwa kadiri ninavyoyakumbuka: “Wapendwa abiria, habari za asubuhi. Wazee wangu, shikamooni. Humu ndani tuko wengi na kila mtu ana simu. Ukitaka kuisikiliza yako, vaa hedifoni. Kama huna, ninazo hapa mbele, elfu tatu. Siti yako inalala, ila mwangalie kwanza aliye nyuma yako. Viatu vinabaki miguuni. Nitapita na mfuko wa taka kila baada ya kituo, kwa hiyo dirishani hatutupi kitu. Tukisimama kula ni dakika 20, nahesabu vichwa. Atakayechelewa tutamngoja mara moja. Mara ya pili atalinunulia maji basi zima.” Watu walicheka, na katika kucheka huko sheria zilikuwa zimekwisha kupitishwa.

Kilichonivutia zaidi ni namna alivyozitekeleza. Karibu na Igurusi mzee mmoja alifungua nyimbo za kwaya kwenye simu, kwa sauti ya juu, kwa moyo safi kabisa, akidhani anatuburudisha. Mhudumu alimwendea, akapiga goti kidogo koridoni ili asimsemeshe kutoka juu, akasema, “Shikamoo baba.” “Marahaba, mwanangu.” “Baba, nyimbo ni nzuri, lakini kule nyuma kuna watoto ndiyo kwanza wamelala. Naomba nikushushie kidogo, ukifika nyumbani utasikiliza mpaka ushibe.” Mzee alimkabidhi simu mwenyewe, na aliporudishiwa akasema, “Ndaga fijo, mwanangu,” yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kama mtu aliyefanyiwa msaada. Hakuna aliyegeuka kumtazama, na mzee akaendelea na mazungumzo na jirani yake akiwa na heshima yake yote. Kwa kijana aliyekuwa akibishana na mtu kwenye simu, mhudumu huyo huyo hakupiga goti wala hakutoa shikamoo. Alisimama tu kando ya siti yake, akatabasamu, akakaa hapo hapo bila kuondoka, na simu ile ikakatwa kabla hatujafika Chimala.

Siti zililazwa kwa maelewano. Niliwasikia abiria wawili watatu wakigeuka na kuuliza, “Dada, nikilala kidogo haitakusumbua?” kwa sauti ya watu wanaotumia maneno wasiyoyazoea. Televisheni iliwashwa kwa sauti inayowatosha walio mbele. Kwenye kituo cha chakula alihesabu vichwa kwa kugusa kila kiegemeo, akarudia, na aliyechelewa, mwanamume mwenye haraka ya uongo aliyepanda akikimbia hatua tatu za mwisho, alipokelewa na basi zima likiimba, “Maji! Maji!” Hakununua, lakini kituo kilichofuata alikuwa wa kwanza kurudi. Choo kilikuwa kimefungwa vile vile, kwa hiyo nisidhaniwe kwamba mhudumu mzuri huondoa kila dhambi ya kampuni. Alichofanya ni kumsimamisha dereva kwenye vituo vya mafuta vyenye vyoo, badala ya vichakani.

Yapo mawili ambayo sikukubaliana naye. La kwanza ni kwamba pale Makambako aliruhusu muuza dawa apande, na mtu huyo akahubiri habari za minyoo, meno na nguvu za kiume mpaka karibu na Mafinga, kwa sauti iliyozidi ya kwaya ya yule mzee. Kwa jinsi walivyoagana aliposhuka, ilikuwa dhahiri kwamba wanafahamiana kibiashara, na utaratibu unaomnyamazisha aliyelipa nauli ukamwachia asiyelipa una kasoro. La pili lilinikera zaidi. Mtoto mchanga alianza kulia tulipokuwa tukiteremka Kitonga, na mhudumu akamwambia mama yake, kwa ile sauti ya mwalimu, “Mnyamazishe mtoto, watu wanataka kupumzika.” Abiria waliomzunguka mama huyo ndio waliomjibu mhudumu kwamba mtoto hajui utaratibu, na mmoja akampokea mtoto akambeba koridoni.

Kilio hicho kilidumu muda mrefu na kilikuwa kikali kuliko simu yoyote niliyoisikia katika safari zote mbili, lakini sikuona uso uliokunjamana. Nadhani ni kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba mtoto alichagua kulia, wala kwamba angeweza kuombwa aache. Mwenye video fupi fupi aliweza kuombwa, naye alichagua, na kila dakika iliyopita bila yeye kuombwa ilituongezea hasira mbili, moja juu yake na nyingine juu yetu wenyewe kwa kukaa kimya. Ndiyo maana simlaumu sana bwana wa kaunda suti kuliko ninavyomlaumu aliyempangia mhudumu wa safari ile kazi ya kugawa biskuti peke yake. Kampuni ina sheria hizo zote, kwani nimeziona zimeandikwa nyuma ya tiketi kwa herufi ndogo mno: kelele, taka, viatu, muda wa kula. Imemwachia kila mhudumu aamue kama zipo au hazipo.

Kwa alama, gari nalipa nane kati ya kumi, uendeshaji tisa, choo sifuri. Huduma ya ndani ya basi nashindwa kuipa alama moja: ya kwenda ni tatu, ya kurudi ni nane, na msomaji akigawanya kwa mbili atapata namba isiyoeleza safari yoyote. Anayekwenda Mbeya katikati ya mwaka achague siti za upande wa kushoto, kwa sababu miezi hiyo jua hukaa upande wa kulia kwa sehemu kubwa ya mchana, tena achague safu za katikati, mbali na spika ya televisheni, na asikae jirani na kile kinachoitwa choo, maana vifurushi hushushwa kila mji na kila mshushaji hukanyaga mguu wa mtu. Hedifoni abebe zake.

Niliporudi Mbezi nilipita ofisini kuuliza kama abiria anaweza kujua mapema ni mhudumu gani atakuwa zamu. Karani, binti mchangamfu, alinieleza kwamba zamu hupangwa jioni ya kuamkia safari na hubadilika hata usiku, kisha akaniuliza kama ningependa kuandika malalamiko. Daftari alilonipa lilikuwa limejaa habari za mizigo iliyopotea, chenji isiyorudishwa na siti iliyouzwa kwa watu wawili. Kuhusu abiria wenyewe nilikuta lalamiko moja tu, limeandikwa kwa mwandiko wa haraka: “Siti B3 amekoroma kutoka Iringa hadi Kibaha, mhudumu alikuwepo.” Chini yake, kwa kalamu nyekundu ya ofisi, palikuwa na jibu la neno moja: “Mngemwamsha.”